Mchezaji na Ziwa: Maisha ya Katharine Hepburn

Sifa ya mtu ni kama mwangwi: hufika mahali ambapo miguu yake haikukanyaga. Bibi Katharine Hepburn, mchezaji wa sinema wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1907 na kufariki mwaka 2003, alijulikana katika pande nyingi za dunia kwa picha iitwayo The African Queen, na habari ya picha hiyo ni habari ya Ziwa Tanganyika. Mtu akaaye Nsemulwa, katika mji wa Mpanda, hana safari kubwa ya kulifikia ziwa hilo. Akishika njia ya magharibi atatokea Karema, na hapo maji yatamzuia asiendelee. Kwa hiyo maisha ya mwanamke wa Hartford yana upande mmoja unaomhusu mtu wa Katavi, naye ana haki ya kuyapima kwa mizani yake mwenyewe: atoe sifa inapostahili sifa, na akumbushe deni palipobaki deni. Sifa bila ya kipimo ni kujipendekeza, na lawama bila ya kipimo ni husuda. Insha hii yajaribu kupita kati ya hayo mawili.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1907 katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, akawa mmoja wa watoto sita. Baba yake, Thomas Norval Hepburn, alikuwa daktari wa maradhi ya njia ya mkojo, naye alisimama hadharani kuwaonya watu juu ya maradhi ya zinaa wakati ambapo adabu ya siku zile iliona ni heri watu wafe kuliko maradhi hayo kutajwa. Mama yake, Katharine Martha Houghton, alikuwa kiongozi wa wanawake wa Connecticut waliodai haki ya kupiga kura, haki ambayo wanawake wa Marekani waliipata kwa katiba mwaka 1920. Mama huyo alimchukua binti yake katika mikutano, na mtoto aliona kwa macho yake jinsi mwanamke mmoja mwenye hoja awezavyo kusimama mbele ya wanaume wengi wenye kelele. Nyumbani, wazazi walipozungumza na wageni juu ya mambo mazito, watoto hawakufukuzwa. Waliachwa wasikilize, na aliyekuwa na neno alilisema. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wale walioona baadaye kwamba Hepburn alikuwa mwanamke mwenye kiburi, asiyejua kuinamisha shingo, wangalitazama meza ya chakula ya Hartford wangaliona kwamba kisemwacho kiburi kilikuwa malezi.

Lakini nyumba hiyo ya maneno mengi ilikuwa na jambo moja lisilosemwa. Mwaka 1921, wakati wa mapumziko mjini New York, Katharine alimkuta kaka yake Tom amekufa kwa kitanzi. Kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 15, na dada yake hakuwa ametimiza 14. Familia haikutaka kuliita jambo hilo kwa jina lake, na msiba ukafungiwa ndani kama kitu kiwekwacho sandukuni. Msichana aliacha shule, akafundishwa nyumbani, akajitenga na wenziwe. Kwa miaka mingi sana aliwaambia watu kwamba alizaliwa tarehe 8 Novemba, na tarehe hiyo ilikuwa ya kuzaliwa kwa Tom. Siku yake ya kweli aliiweka wazi katika kitabu cha maisha yake kiitwacho Me, kilichotoka mwaka 1991. Watu husema kwamba kazi ya mchezaji ni kuvaa nafsi ya mtu mwingine. Huyu aliianza kazi hiyo kabla hajapanda jukwaa lolote, na nafsi ya kwanza aliyoivaa ilikuwa ya marehemu.

Mwaka 1928 alimaliza masomo katika chuo cha Bryn Mawr, na mwaka huo huo akaingia katika kazi ya michezo ya kuigiza na akaolewa na Ludlow Ogden Smith. Ndoa ilivunjika mwaka 1934. Kazi nayo ilianza kwa fedheha: alisema upesi mno, sauti yake ilipanda ikawa kali, na zaidi ya mara moja aliondolewa mchezoni na kupewa nafasi yake mwingine. Alitafuta mwalimu wa sauti, akajifunza kupumua, akarudi. Mwaka 1932 alionekana New York katika mchezo wa The Warrior's Husband, ambamo alishuka ngazi mbio akiwa na mnyama wa mawindo mabegani, na watu wa Hollywood wakamwita. Picha yake ya kwanza, A Bill of Divorcement, ilitoka mwaka huo huo chini ya uongozi wa George Cukor. Mwaka uliofuata alicheza katika Morning Glory, na kwa picha hiyo akapata tuzo ya kwanza ya Oscar. Ilikuwa miaka mitano tu tangu atoke chuoni.

Mafanikio ya haraka ni mkopo, na mkopo hudaiwa. Hepburn hakuupenda utumwa wa sifa. Alivaa suruali katika mji ambao wachezaji wa kike walitazamiwa kuonekana kwa gauni na vito; aliwakimbia waandishi wa magazeti; alikataa kuwaandikia watu jina lake katika vitabu vyao vya kumbukumbu. Watazamaji walianza kumchoka, na picha zake kadhaa zikapotea bila ya faida. Mwaka 1938 wenye majumba ya sinema walitoa tangazo lililowataja wachezaji mashuhuri ambao, kwa hesabu yao, walikuwa sumu katika mlango wa kuuzia tikiti, na jina la Hepburn lilikuwamo. Picha aliyoicheza mwaka huo, Bringing Up Baby, ambayo baadaye ilihesabiwa miongoni mwa picha za kuchekesha zilizo bora kupita zote, ilipita wakati ule kama mgeni asiyekaribishwa.

Hapa ndipo tabia yake ilipojulikana. Mtu aliyeitwa sumu angeweza kulia, au kuomba radhi, au kukubali kazi yoyote atakayopewa. Yeye alitoa fedha zake akanunua uhuru wake kutoka katika mkataba, akarudi jukwaani. Philip Barry aliandika kwa ajili yake mchezo wa The Philadelphia Story, juu ya mwanamke mwenye majivuno ambaye majivuno yake yanavunjwa hata anakuwa mtu. Mchezo ulifanikiwa sana New York mwaka 1939. Rafiki yake Howard Hughes alikuwa amemnunulia haki ya kuufanya uwe sinema, basi kampuni iliyoutaka ililazimika kuja kwake. Hepburn aliiuza haki hiyo kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayecheza, na kwamba atakuwa na neno katika kuchagua mwongozaji na wachezaji wenziwe. Picha ilitoka mwaka 1940, na sumu ikawa asali. Wanafunzi wa biashara huweza kulisoma jambo hili kama somo la biashara, lakini lina maana pana zaidi. Mfanyakazi asiyemiliki chochote katika kazi yake huajiriwa anapopendwa na hufukuzwa anapochukiwa. Hepburn alifahamu kwamba kipaji peke yake ni shamba lisilo na hati.

Mwaka 1941, katika kupigwa kwa picha ya Woman of the Year, alikutana na Spencer Tracy. Walicheza pamoja picha tisa, na nje ya picha walikuwa wapenzi kwa muda wa miaka 26. Tracy alikuwa Mkatoliki mwenye mke, hakumwacha mkewe, na Hepburn hakumtaka amwache. Jambo hili halina sifa mbele ya sheria ya ndoa, na mwandishi wa maisha ya watu hana ruhusa ya kulipaka rangi. Hata hivyo haki yataka isemwe kwamba mwanamke ambaye hakuwainamia wenye majumba ya sinema alijiinamisha kwa hiari mbele ya mtu mmoja mgonjwa na mlevi, akamhudumia, na alipokufa hakwenda mazishini, ili mjane na watoto wapate kulia kwa heshima. Moyo wa binadamu hauna mlango mmoja tu. Wala haikuwa kwamba mapenzi yalimnyamazisha: mwezi wa Mei 1947, wakati watu wa Hollywood walipokuwa wakiandamwa kwa tuhuma za ukomunisti, alisimama mbele ya mkutano mkubwa mjini Los Angeles akasema dhidi ya kuzibwa kwa midomo ya wenye sanaa. Wengi wa rika lake walisubiri kuona upepo utavuma wapi.

Huyo ndiye mwanamke aliyekuja Afrika mwaka 1951, akiwa na umri wa miaka 44. Mwongozaji John Huston na mtengenezaji Sam Spiegel walikusudia kuifanya sinema riwaya ya C. S. Forester iliyotoka mwaka 1935. Mwenziwe katika mchezo alikuwa Humphrey Bogart, ambaye alikuja pamoja na mkewe Lauren Bacall, na mpiga picha alikuwa Jack Cardiff. Kwanza walikwenda Kongo ya Wabelgiji, mahali paitwapo Biondo kando ya mto Ruiki, karibu na Ponthierville ambayo sasa ni Ubundu. Baadaye walihamia Uganda, Butiaba katika Ziwa Albert na penye maporomoko ya Murchison. Sehemu nyingine, hasa zile za wachezaji kuzama ndani ya maji, zilipigwa katika studio Uingereza, kwa sababu maji ya mito ya Afrika yalikuwa na hatari ya maradhi.

Taabu za kazi hiyo Hepburn alizieleza mwenyewe katika kitabu alichokitoa mwaka 1987. Kambi ilijengwa msituni. Mashua iliyokuwa ndiyo mchezaji wa tatu wa picha ilizama, ikabidi ivutwe itoke majini. Siafu waliingia, mvua ilinyesha, na watu wakaugua mmoja baada ya mwingine. Huston na Bogart walikuwa wanywaji wakubwa wa wiski. Hepburn, aliyechukizwa na ulevi wao, aliamua kuwapa somo kwa kunywa maji, tena kwa wingi. Maji yalikuwa machafu. Wanywaji wa wiski wakabaki wazima, na mwenye kiasi akashikwa na ugonjwa wa tumbo hata akakonda. Katika tukio la kanisani, ambamo anaonekana ameketi penye kinanda akipiga wimbo wa dini kwa uso mkavu, ndoo iliwekwa karibu kwa ajili ya kutapikia. Mtazamaji huona utawa wa mwanamke wa misheni. Kwa kweli anatazama subira ya mtu mgonjwa ambaye hakutaka kazi isimame kwa sababu yake.

Kuhusu sanaa yenyewe, Huston alimpa shauri moja ambalo yeye mwenyewe alilihesabu kuwa bora kuliko mashauri yote aliyopewa na mwongozaji. Alikuwa akimcheza Rose Sayer, dada wa mmisionari, kwa uso wa huzuni na ukali. Huston alimwendea akamwambia amfikirie Bibi Eleanor Roosevelt anapowazuru askari waliojeruhiwa: uso usio mzuri, lakini wenye tabasamu la kijamii, tabasamu la mtu aliyeamua kwamba mwenziwe asikate tamaa. Kwa tabasamu hilo picha nzima ilibadilika. Rose si mwanamke mkavu aliyelainishwa na mapenzi. Ni mwanamke jasiri ambaye ujasiri wake haukuwa umepata kazi ya kufanya. Ni nadra katika sinema za siku zile mwanamke wa umri ule, asiyepambwa, mwenye jasho na nywele zilizotimka, kupewa hadithi ya mapenzi na ya vita kwa pamoja. Bogart alipata Oscar kwa picha hiyo, ya pekee maishani mwake. Hepburn alitajwa miongoni mwa walioshindania, asipewe.

Sasa na itazamwe hadithi yenyewe, kwa jicho la mtu wa Katavi. Mwaka 1914 vita vinaanza. Wajerumani wanaingia katika kijiji cha misheni, wanachoma nyumba, wanawachukua wanaume. Mmisionari anakufa kwa majonzi na homa. Dada yake anaondoka na fundi Charlie Allnut katika mashua ya moshi, na ni yeye Rose anayetoa shauri: washuke mto Ulanga mpaka ziwani, watengeneze makombora kwa mitungi ya gesi, waizamishe manowari ya Kijerumani iitwayo Louisa. Wanapita penye maporomoko na penye bunduki za ngome, wanakwama katika matete, Allnut anaingia majini kuvuta mashua na anatoka na ruba mwilini, na baada ya kutoka analazimika kurudi tena. Mwishoni wanakamatwa, wanaozeshwa na nahodha wa Kijerumani dakika chache kabla ya kunyongwa, na Louisa inaligonga gofu la mashua yao na kulipuka. Forester hakuimaliza hivyo riwaya yake: mle kitabuni jaribio lao linashindwa, na manowari inazamishwa na motaboti za Waingereza.

Ajuaye nchi hii atacheka kidogo. Mto Ulanga upo, lakini hauendi Ziwa Tanganyika. Maji yake hushuka mashariki, yakaingia Rufiji na kumwagika katika Bahari ya Hindi. Mto uendao ziwani ni Malagarasi, ambao hupokea maji ya Ugalla. Na Katuma, mto wa Mpanda, hupita njia nyingine kabisa ukielekea bonde la Rukwa. Mtunzi ana ruhusa ya kuugeuza mto. Swali ni kama ana ruhusa ya kuwageuza watu.

Kwa maana vita vya ziwani vilipiganwa kweli. Wajerumani waliiunda meli Graf von Götzen huko Papenburg, wakaifungua vipande, wakaisafirisha mpaka Dar es Salaam na kisha kwa reli mpaka Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Waingereza nao walileta motaboti mbili, Mimi na Toutou, chini ya afisa Spicer-Simson. Zilishushwa mbali kusini, zikasafiri kwa reli kutoka Cape Town mpaka Katanga, kisha zikakokotwa juu ya milima na misitu kwa mashine, kwa ng'ombe, na kwa mikono ya watu weusi waliokata njia na kujenga madaraja. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliikamata Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Götzen haikulipuliwa na shujaa yeyote. Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma mwezi wa Julai 1916, na mafundi wakaipaka mashine zake mafuta mazito ili zisiharibike. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa, na mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, jina la kale la sehemu ya ziwa hilo. Katika sinema meli inakufa; katika kweli meli ilifufuka, na kwa miaka mingi ikawachukua akina mama wa mwambao na magunia yao ya dagaa kutoka Kigoma mpaka Mpulungu. Hadithi hii ya pili haina mlipuko, lakini ina watu wengi zaidi ndani yake.

Ndilo deni lililotajwa mwanzoni. Katika picha, Waafrika wanaonekana kanisani wakiimba wimbo wasioujua, na kuimba kwao kumefanywa kichekesho. Kijiji chao kinaungua, wanasukumwa kwa bunduki, wanakwenda. Rose na Allnut wanashika mto, na hadithi haiulizi tena habari za waliochukuliwa. Historia hujibu: katika vita vile vya Afrika Mashariki makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, maradhi na kuchoka, wakibeba mizigo ya ugomvi usio wao. Rose Sayer analia kwa ajili ya kaka yake, na Hepburn, aliyemkuta kaka yake katika kitanzi, alijua namna ya kulia. Lakini waliochukuliwa nao walikuwa kaka za watu.

Aidha, kama mtu angetaka kuona misheni ya kweli kando ya ziwa la kweli, palikuwa na Karema. Huko aliishi Adrian Atiman, aliyezaliwa karibu na Timbuktu, akatiwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa uganga huko Malta, akafika Karema mwaka 1889. Aliwatibu watu na kufundisha dini mahali hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Alikuwapo Götzen ilipopita, alikuwapo ilipozama, alikuwapo iliporudi ikiitwa Liemba. Mwaka ule wa 1951, wakati mchezaji wa Marekani alipokuwa akiugua kando ya mto Ruiki kwa ajili ya hadithi ya ziwa hilo, mzee huyo alikuwa hai upande wa pili wa ziwa, mtu mweusi, mganga, mwenye kujua vita na misheni kwa uzoefu wake mwenyewe. Hadithi ilikuwa tayari pale. Waliotafuta hadithi walipita wakiwa na kamera, na macho yao yakitazama mahali pengine.

Je, lawama hiyo ni ya Hepburn? Si haki kumtwika yote. Mchezaji hatungi riwaya wala hachagui nani aachwe nje ya picha. Yeye hupewa mtu mmoja, akaombwa ampe uhai, na uhai huo aliutoa kwa gharama ya afya yake. Tena alipoandika juu ya safari hiyo aliandika kwa mzaha juu ya nafsi yake, bila ya kujifanya shujaa wa msituni. Lakini mwanamke aliyelelewa kwa kanuni kwamba kila aliye mezani ana haki ya kutia neno angeweza kuona kwamba katika meza ya picha ile walikuwapo watu wasiopewa neno. Waliojenga kambi ya Biondo, waliosukuma matishari ya kamera mtoni, waliopika na waliochota yale maji, hawajulikani kwa majina na watazamaji. Sifa ni taa: humwangaza mmoja, na kwa kumwangaza huzidisha giza la aliye kando yake.

Miaka yake ya baadaye yaonyesha kwamba taa hiyo ilipata kuelekezwa mahali pengine pia. Mwaka 1962 alicheza katika Long Day's Journey into Night kama mama aliyetawaliwa na dawa za kulevya. Baada ya hapo aliacha sinema kwa miaka mitano ili amuuguze Tracy. Mwaka 1967 walirudi pamoja katika Guess Who's Coming to Dinner, picha juu ya wazazi Wazungu ambao binti yao anataka kuolewa na daktari mweusi, aliyechezwa na Sidney Poitier. Wakati ilipokuwa ikipigwa, ndoa ya namna hiyo ilikuwa kosa la jinai katika majimbo kadhaa ya Marekani. Tracy alifariki tarehe 10 Juni 1967, siku 17 baada ya kumaliza kazi yake, na siku mbili baada ya kifo chake Mahakama Kuu ya Marekani ilizifuta sheria hizo. Picha ina kasoro zake: yule daktari amefanywa mtu mkamilifu kupita kiasi, kana kwamba mtu mweusi hana budi kuwa malaika ili apewe kiti mezani. Hata hivyo kiti kilikuwapo, na aliyeketi juu yake alikuwa na jina, na kazi, na baba na mama. Kutoka kanisa la The African Queen mpaka meza hiyo ni umbali wa miaka 16, na mchezaji ni yule yule.

Kwa picha hiyo alipata Oscar ya pili. Ya tatu aliipata mwaka uliofuata kwa The Lion in Winter, na ya nne kwa On Golden Pond ya mwaka 1981, alipocheza na Henry Fonda huku kichwa na sauti yake vikitetemeka kwa maradhi ambayo hakuyaficha. Tuzo nne za mchezaji mkuu ni idadi ambayo hakuna mwingine aliyeifikia katika daraja hilo. Hakwenda kuchukua hata moja. Mara moja tu, mwaka 1974, alihudhuria sherehe hizo, na alikwenda ili ampe tuzo mtu mwingine, alivaa suruali. Alifariki tarehe 29 Juni 2003 nyumbani kwao Fenwick, Connecticut, akiwa na umri wa miaka 96.

Mashua ya picha ile, iliyoundwa Uingereza mwaka 1912, ilipelekwa Marekani na kuwekwa Key Largo, Florida, mahali watalii wanapoipanda. Reli kutoka Kaliua ilikuwa imekwisha kufika Mpanda kabla ya picha kupigwa, kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ulifungwa, mji ukabaki, na mwaka 2012 ukawa makao ya mkoa mpya. Yaliyobaki kwa kijana wa Nsemulwa ni mambo mawili. La kwanza ni mfano wa mtu aliyejifunza kazi yake mpaka mwisho, akaimiliki, wala hakuiuza shingo yake ili apendwe. Mfano huo hauna rangi wala taifa, na aukataaye kwa sababu ulitoka Hartford amejinyima mwenyewe. La pili ni kazi ambayo haijafanywa. Wapagazi wa Mimi na Toutou, mganga wa Karema, na abiria wa Liemba hawajapata mwandishi wao wala mchezaji wao, na haifai kumngoja mgeni mwingine aje kuugeuza mto. Ziwa lipo, lugha ipo, na wazee waliosikia habari hizo kwa baba zao wanapungua kila mwaka.